Mwanga ukiingia majini, msukumo wake huongezeka au hupungua?

Mwezi Mei 2024 kebo mbili za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Zote mbili zina tawi linalopanda nchi kavu hapa Mombasa, na mji ukashinda ukitazama kurasa zinazozunguka bila kufunguka. Watu ambao hawakuwahi kujishughulisha na faiba wakaanza kuulizana: kumbe ujumbe wangu unasafiri kwa mwanga, ndani ya uzi wa kioo, chini ya bahari? Na kama kioo hupunguza kasi ya mwanga, je, mwanga huo haufiki huku umechoka?

Swali hilo halikuisha kebo zilipounganishwa. Bado nalisikia barazani Mji wa Kale baada ya Isha, kahawa ikizunguka, na siku hizi limepata mwenzake. Kijana akishasoma kidogo mtandaoni hurudi na habari kwamba wanafizikia wamebishana zaidi ya miaka mia moja kuhusu msukumo wa mwanga ndani ya maji na kioo: huyu asema huongezeka, yule asema hupungua. "Sasa, ami, ikiwa wao wenyewe hawajui, sisi tutajulia wapi?"

Ubishi huo ni wa kweli, na ulianza mwaka 1908. Lakini si kweli kwamba hakuna anayejua, na inanisikitisha habari hiyo inavyosambazwa, kwa sababu jibu lililopatikana ni mojawapo ya majibu mazuri kabisa katika fizikia. Halihitaji hesabu nzito. Linahitaji maneno mawili, bilauri ya maji na mtumbwi.

Neno la kwanza ni momenta, ndiyo huo msukumo wa mwanga wanaoubishania. Hiki ni kipimo cha mwendo ambao kitu kimebeba. Kwa vitu vya kawaida hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa kasi: mtu wa kilo 60 anayekimbia mita 4 kwa sekunde ana momenta ya 240. Sifa yake kubwa ni kwamba haipotei wala haizuki. Kitu kimoja kikipungukiwa nayo, kingine kimeipokea, na jumla hubaki ileile. Neno la pili ni kani, yaani kule kusukuma au kuvuta kunakohamisha momenta kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Kila penye kani, momenta inabadili mkono.

Hapo ndipo watu wengi hukwama. Mwanga hauna tungamo, utakuwaje na momenta? Ukweli ni kwamba ile kanuni ya tungamo mara kasi ni ya vitu kama sisi. Mwanga hubeba momenta kwa sababu hubeba nishati: gawanya nishati yake kwa kasi yake angani na umepata jibu. Mskoti James Clerk Maxwell alilionyesha jambo hilo kwa hesabu katika karne ya 19, na kuanzia mwaka 1900 Pyotr Lebedev huko Moscow, kisha Ernest Nichols na Gordon Hull huko Marekani, wakaipima kani hiyo kwa vioo vidogo vilivyoning'inizwa ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa.

Ni kani ndogo mno, ndiyo maana hatuihisi. Jua la saa sita mchana hapa kwetu hushusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Gawanya kwa kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde, unapata kani ya mikronewtoni 3.3 kwa kila mita ya mraba, yaani sehemu 3.3 za milioni za newtoni, kipimo cha kani. Ukiupaka uwanja mzima wa mpira rangi nyeusi, mwanga wote wa jua unaouangukia utausukuma kwa kani isiyozidi sana uzito wa gramu mbili na nusu. Lakini ndogo si sufuri. Mwaka 2010 Japani ilirusha chombo kiitwacho IKAROS chenye tanga jembamba la mita 14 kwa 14, na huko angani kusiko na hewa tanga hilo lilisukumwa na jua peke yake.

Kuna kifaa kimoja ambacho kimewapoteza wengi, nami nataka kukiondoa njiani. Ni ile tufe ya kioo yenye mapanga madogo ndani, meusi upande mmoja na ya kung'aa upande wa pili, ambayo huzunguka ikiwekwa juani. Huuzwa kama ushahidi kwamba mwanga unasukuma. Si ushahidi. Mwanga unaorudishwa na uso wa kung'aa husukuma mara mbili ya ule unaomezwa na uso mweusi, kwa hiyo upande wa kung'aa ndio ungerudi nyuma. Kifaa hicho huzunguka kinyume chake: upande mweusi ndio unaokimbia mwanga. Kinachokiendesha ni hewa kidogo iliyobaki ndani, inayopashwa moto na uso mweusi. Ukiifyonza hewa yote, mapanga husimama.

Mwanga haupunguzi kasi kwa kuchoka

Sasa tuingie ndani ya maji na kioo. Angani mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina namba yake inayoonyesha kasi hiyo imegawanywa kwa ngapi. Ya maji ni 1.33, ya kioo cha dirisha ni kama 1.5, ya kioo cha faiba ni kama 1.47. Kwa hiyo majini mwanga huenda kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na ndani ya faiba kama 204,000. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, ina urefu wa takriban kilomita 5,000. Mwanga huumaliza huo kwa sehemu ishirini na tano za elfu ya sekunde.

Kupungua huku kwa kasi si uchovu. Mwanga ukitoka upande wa pili wa kioo hurudia kasi yake ya kwanza papo hapo, bila kuhitaji chochote cha kuupa nguvu. Nishati ya kila fotoni, yaani kila punje ya mwanga, haikubadilika ilipoingia wala ilipotoka. Kinachofanya mwanga wa kebo ufifie ni jambo jingine kabisa: baadhi ya fotoni humezwa au hutawanywa njiani. Katika kioo kizuri cha faiba, baada ya kilomita 50 hubaki moja katika kila kumi, na ndiyo sababu kebo za baharini zina vikuza mwanga vilivyopangwa sakafuni mwa bahari njia nzima. Fotoni ile moja iliyobaki ni nzima kama ilivyoondoka Fujairah. Swali la barazani la uchovu linaishia hapo.

Swali la msukumo haliishii hapo. Nishati haikubadilika, kasi imepungua. Je, momenta?

Bilauri ya Minkowski

Hermann Minkowski alikuwa mwanahisabati wa Göttingen, Ujerumani, na kabla ya hapo aliwahi kumfundisha Einstein huko Zurich. Mwaka 1908 alitoa hesabu iliyosema kwamba momenta ya mwanga ndani ya kitu huongezeka, na huzidishwa kwa ile namba ya kitu. Mwanga ulioingia na momenta ya 100 utakuwa na 133 majini.

Wengi huona hili ni kinyume cha akili. Upungue kasi kisha uongezeke msukumo? Lakini unaweza kuiona sababu yake mezani kwako. Jaza maji kwenye bilauri, dondoshea tone moja tu la maziwa, koroga, zima taa. Chukua leza ya kalamu, zile nyekundu ndogo, uielekeze kutoka juu kwa mshazari, na usiiache impige mtu machoni. Nje ya maji huoni kitu ila labda vumbi linalometameta. Pale inapogusa uso wa maji unatokea mstari mwekundu uliokazwa vizuri, na mstari huo umeinama: ndani ya maji umesimama wima zaidi kuliko ulivyokuwa nje.

Utazame mwinamo huo kwa makini. Momenta ya leza ina sehemu mbili: ya kwenda kando, sambamba na uso wa maji, na ya kwenda chini. Uso wa maji ni tambarare, haujainamia kushoto wala kulia, kwa hiyo si rahisi kuona utaipaje leza msukumo wa kando. Basi tuseme sehemu ya kando haikuguswa. Ili mstari usimame wima zaidi na hali sehemu ya kando ni ileile, sehemu ya chini lazima iwe imekua. Ukipima pembe zake, ukuaji wa jumla ni ule ule wa 1.33.

Isaac Newton aliifuata hoja ya namna hii karne mbili kabla, akaongeza hatua moja: kama punje za mwanga zina msukumo zaidi majini, basi zinakwenda kasi zaidi majini. Mwaka 1850 Mfaransa Léon Foucault alilinganisha kasi ya mwanga hewani na majini, akaona majini ni ndogo. Newton alikosea kuhusu kasi. Kuhusu mwinamo na momenta alikuwa ameshika jambo la kweli ambalo halikupata maelezo yake mpaka karne ya 20, ilipojulikana kwamba momenta ya fotoni hutegemea urefu wa wimbi lake. Wimbi likiwa fupi, momenta ni kubwa. Na majini wimbi hufupika kwa lazima: idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde haibadiliki, lakini yanakwenda polepole, hivyo yanakaribiana. Yamekaribiana kwa 1.33, na momenta imekua kwa 1.33.

Minkowski hakuishi kuutetea mswada wake. Alifariki Januari 1909, akiwa na miaka 44.

Mtumbwi wa Abraham

Mwaka huohuo wa 1909 Max Abraham, naye aliyekuwa Göttingen, alitoa hesabu tofauti. Kwake momenta ya mwanga haizidishwi kwa namba ya kitu, hugawanywa. Ile 100 inakuwa 75 majini. Tofauti kati ya 133 na 75 si ya kufumbia macho.

Hoja iliyo wazi zaidi ya kumtetea Abraham ilitolewa mwaka 1953 na Nándor Balázs, na nitaieleza kwa mtumbwi. Nenda kwa fikra Bandari ya Kale. Mtumbwi wa kilo 120 unaelea kati ya gati mbili, haukufungwa, na tuseme maji hayaukwamishi hata kidogo. Kijana wa kilo 60 anakuja mbio gatini kwa mita 4 kwa sekunde, anarukia mtumbwini. Ndani anapunguza mwendo, anapita kwa mita 3 kwa sekunde, na anapofika ncha ya mbele anaruka gati ya pili akiwa amerudia mita zake 4.

Alikuja na momenta ya 240. Akiwa ndani anayo 180. Ile 60 iliyopungua haikupotea, imeingia mtumbwini, na mtumbwi unasogea mbele nusu mita kila sekunde. Anaporuka kutoka, anaupiga teke la nyuma kama kila mtu anayeshuka mtumbwini, na teke hilo linatosha kuusimamisha kabisa. Kijana ameondoka na 240 zake. Mtumbwi umetulia, lakini si pale ulipokuwa. Ikiwa alikaa ndani sekunde mbili, umesogea mita moja mbele.

Mwanga ukipita kwenye kipande cha kioo hufanya vivyo hivyo. Nishati yake, kwa kanuni ya Einstein, ni sawa na tungamo dogo linalosafiri. Ikipungua kasi ndani ya kioo, kituo cha uzito cha mwanga na kioo kwa pamoja lazima kiendelee na mwendo wake uleule, na hilo hudai kioo kisogee mbele kidogo. Ili kioo kisogee mbele, mwanga lazima ukipe momenta ya mbele. Na ili uweze kuitoa, lazima wenyewe ubaki na pungufu. Ukifuata hesabu unafika kwa Abraham bila kona: 75 kwa maji, 67 kwa kioo cha dirisha.

Mtu atauliza kwa nini basi hatukipimi kioo kikisogea tumalize maneno. Chukua kioo cha kilo moja chenye urefu wa mita moja, upitishe ndani yake mwanga wenye nishati ya juli moja. Kitasogea umbali ulio mara 300 hivi chini ya upana wa protoni moja.

Vipimo vikazidi kuvuruga

Vipimo vingine viliwezekana, na hapa ndipo mambo yalipokwenda mrama kwa miaka mingi, kwa sababu kila upande ulipata ushahidi.

R. V. Jones, aliyekuwa ofisa mkuu wa upelelezi wa kisayansi wa Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, baada ya vita alikwenda kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Aberdeen na kufanya kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko zote katika habari hii. Mwaka 1954, pamoja na J. C. S. Richards, alitumbukiza kioo kidogo cha kujitazamia ndani ya vimiminika mbalimbali na kukimulika. Mwaka 1978 alirudia na B. Leslie kwa leza na usahihi mkubwa zaidi. Kila kimiminika kilipokuwa na namba kubwa, kioo kilisukumwa zaidi, kwa kiasi kilekile cha namba hiyo. Huo ni ushindi wa Minkowski. Mwaka 2005 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walipiga kwa leza wingu la atomi baridi mno za rubidiamu, na teke ambalo kila atomi ilipata likawa la Minkowski tena.

Mwaka 1973 Arthur Ashkin na Joseph Dziedzic wa maabara za Bell walimulika uso wa maji kwa leza kali. Ungetarajia uso ubonyee. Uliinuka, ukajitokeza kuelekea leza. Wengi walisema hapo Minkowski amethibitishwa, kwa kuwa momenta ya mwanga ikikua ndani ya maji, maji lazima yasukumwe kinyume, kuelekea leza; mpaka ilipoonyeshwa kwamba leza iliyofinywa hukamua maji kutoka kando pia, na kwamba mwinuko ule peke yake hauwezi kuamua. Kisha mwaka 1975 kikundi cha Walker kilipima kani ndani ya kisahani cha bariamu titaneti, aina ya kauri, kwa nguvu za umeme na sumaku zinazobadilikabadilika, na matokeo yakawa ya Abraham. Na mwaka 2015 kundi ambalo Ulf Leonhardt alikuwamo lilimulika uso wa kimiminika kwa leza pana isiyofinywa, na safari hii uso ulibonyea, kama Abraham alivyotaka.

Msomaji wa mtandaoni akikutana na vipimo hivi kimoja kimoja, lazima aseme wanasayansi hawajui. Na kila kimoja kilipotoka kulikuwa na kichwa cha habari cha kutangaza mshindi. Nadhani vichwa hivyo vimefanya madhara, kwa sababu vilimfundisha msomaji kungoja mshindi katika jambo lisilo na mshindani.

Jumla ni mia

Rudi mtumbwini. Kijana 180, mtumbwi 60, jumla 240. Hakuna aliyewahi kubishana kuhusu jumla. Ubishi ni kuhusu mahali pa kuchora mstari kati ya kijana na mtumbwi, na kwa mwanga mstari huo hauko wazi. Ndani ya maji mwanga hausafiri peke yake. Unazitikisa elektroni za kila molekuli unayoipitia, nazo hutikisika pamoja nao na kuurudishia mtikisiko. Wimbi linalokwenda majini ni mwanga na mtikisiko huo kwa pamoja. Ukiuliza "momenta ya mwanga ni ngapi", mimi nitakuuliza: ule mtikisiko wa elektroni nimhesabie nani?

Mwaka 2010 Stephen Barnett wa Chuo Kikuu cha Strathclyde huko Uskoti alichapisha makala iliyoliweka jambo hili sawa. Abraham, alionyesha, ametoa momenta ya kinetiki: ile inayokwenda na usafiri wa nishati, ile ya kijana na mtumbwi. Minkowski ametoa momenta ya kanoniki: ile inayokwenda na urefu wa wimbi, ile ya mwinamo bilaurini. Kila moja ina mwenzake upande wa kitu chenyewe. Ukiacha ile sehemu ndogo ya mwanga inayorudishwa na uso, kwa Abraham mwanga una 75 na maji yamepata 25 za mbele. Kwa Minkowski mwanga una 133 na maji yana 33 za nyuma. Sabini na tano ukiongeza ishirini na tano ni mia. Mia na thelathini na tatu ukitoa thelathini na tatu ni mia.

Kwa hiyo vipimo havikupingana. Kioo cha Jones kilikuwa kimezama kimiminikani, na kilichokigonga kilikuwa wimbi zima pamoja na mtikisiko uliokizunguka. Atomi za MIT vilevile zilikuwa ndani ya wingu lenyewe. Kitu kilichozama kikipigwa, hesabu inayofaa ni ya Minkowski. Ukitaka kujua kitu kizima kinachopitiwa na mwanga kitasogeaje, hesabu inayofaa ni ya Abraham. Ukiipeleka hesabu ya mmoja kwenye swali la mwenzake bila kuchukua na ile sehemu ya pili, utakosea, na hilo ndilo lililokuwa likifanyika kwa miongo mingi.

Haya si maneno ya darasani tu. Ashkin huyuhuyu aliyemulika maji alitumia msukumo wa mwanga kutengeneza koleo la leza: mwanga uliofinywa sana unaoweza kukamata punje ndogo ndani ya maji na kuishikilia bila kuigusa. Mwaka 1987 alikamata bakteria hai. Mwaka 2018, akiwa na miaka 96, alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa koleo hilo wanabiolojia wamepima kani ya molekuli moja ya kinesini, inayobeba mizigo ndani ya seli zetu: hatua zake ni nanomita 8, na husimama ikivutwa kwa pikonewtoni chache tu. Kazi yote hiyo hufanyika majini, juu ya vitu vilivyozama, na anayekokotoa kani ya koleo huanza na namba ya maji, 1.33, kama Jones alivyoona.

Limebaki dai moja ambalo hunikera kwa sababu huwatoa watu pesa. Mara kwa mara hutokea mtu mwenye mchoro wa injini: mwanga au mawimbi ya mikrowevu ndani ya kisanduku chenye kioo au plastiki upande mmoja, upande huu msukumo wa Minkowski, upande ule wa Abraham, na tofauti yake eti inasukuma chombo bila mafuta wala kutoa chochote nje. Rejea kwenye mia. Tofauti ile haikuwahi kuwa ya bure. Ni sehemu ya pili ambayo mchoraji ameisahau kuihesabu. Injini maarufu ya aina hii ya kisanduku, iitwayo EmDrive, ilipopimwa kwa uangalifu na kikundi cha Martin Tajmar huko Dresden, msukumo uliodaiwa ulionekana unatokana na mambo kama joto la vifaa vyenyewe, na matokeo ya mwaka 2021 hayakuacha kitu.

Kinachoendelea kujadiliwa leo ni kitu kingine, kigumu zaidi na chenye heshima yake: jumla ya kani ikiwa inajulikana, inaangukia wapi hasa ndani ya kitu? Yote usoni mwanga unapoingia na kutoka, au nyingine katikati, na kwa mgawanyo gani? Kuna kanuni zaidi ya moja za kuigawa, mojawapo ya mwaka 1908 ya Albert Einstein na Jakob Laub, na zote hutoa jumla sawa kwa kitu kizima. Zinatofautiana katika namna kitu laini, kama tone la mafuta au utando wa seli, kinavyovutika na kubonyea humo ndani. Huko ndiko maabara zinakoelekeza leza zao sasa.